Mto wa Katikati ya Magoti

Sitara binti Hashil alikuwa mshona mito ya usufi nyuma ya soko la Kariakoo, enzi za Waingereza, miaka michache kabla ya vita vya pili. Mito yake ilisifiwa kwa ugumu. Aliushindilia usufi kwa ngumi mpaka mto ukawa kama gogo, na wateja wakaridhika, maana waliona hawakupunjwa.

Mumewe, Bushiri, alikuwa hamali wa maghala ya mtaa wa Gerezani, akishusha magunia ya mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka kwenye mabehewa. Alizoea kulala kifudifudi, mito miwili ya mkewe chini ya kidevu, shingo imepinda upande kama ya kuku aliyechinjwa. Kitanda chao cha kamba kilikuwa kimelegea, kiuno kikizama katikati. Kila alfajiri Sitara alimsikia akiinuka kwa vituo: kiwiko, goti, kisha mguno. Na mguno ule ulizidi kurefuka.

"Tangu mdogo namkataza kulala hivyo," alisema Bi Mgeni, mama yake Bushiri, aliyekaa chumba cha pili. "Iko siku mgongo utamgomea."

"Mama, usiyatamke maneno hayo," Sitara alimsihi.

Bi Mgeni hakuyafuta.

Adhuhuri moja ya Ijumaa, Bushiri alirudi kutoka msikitini akajinyoosha barazani, pembeni ya kazi ya mkewe. Usingizi ukamchukua akiwa amelalia ubavu, kichwa juu ya kanga iliyokunjwa, magoti yamekumbatia mto ambao haujajazwa vizuri. Alipoamka aliinuka mara moja, bila kuguna. Mwenyewe alishangaa.

Jioni ile ile Sitara aliifumua mito yao ya kitandani. Ule wa kichwani akaupunguza usufi mpaka ukalingana na nafasi ya bega na shikio, shingo isipinde. Mwingine akaushona mrefu, laini, wa kuweka katikati ya magoti. Kamba za kitanda akazikaza upya, Bushiri akimsaidia kuzivuta.

Usingizi ukawa mtamu. Bushiri alianza kuamka akiimba, na kule Gerezani akarudia tabia yake ya ujanani, kubeba magunia mawili kwa mpigo huku wenzake wakimshangilia. Sitara alifurahi, ila kitu kimoja kilimtia shaka. Kiatu cha kulia cha mumewe kilikuwa kikilika pembeni, na akitembea uani mguu ule uliburura mchanga, kama unaochelewa kumfuata mwenzake.

"Mguu una nini?" alimuuliza.

"Umechoka tu. Mgongo wangu mzima kama wa punda! Si umeuponya mwenyewe?"

Bi Mgeni alikuwa akichambua mchele. Mkono ulisimama juu ya ungo. Kisha ukaendelea.

Halikupita juma wakamleta juu ya rukwama, wenzake wakisukuma kimya. Alikuwa amefika katikati ya ubao wa kushukia behewa, gunia mgongoni, mguu wa kulia ukakunjika. Gunia likamwangukia kiunoni.

Hospitali walimlaza kwa muda mrefu. Siku moja Sitara alikuwa akimgeuza ubavu, akimpachika mto magotini, Bushiri akamshika mkono.

"Mguu ulianza kufa ganzi tangu vuli," alisema. "Kabla ya mito yako. Maumivu yalipotulia nikasema afadhali, nimepona. Sikutaka kukutia hofu."

"Ungeniambia, Bushiri."

"Ungenizuia kazini."

Sitara akauweka sawa mto magotini. Ni kweli, angemzuia.

Bushiri alirudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, na maghala hakuyakanyaga tena. Mchana aliketi barazani akichambua mbegu kwenye usufi, mguu wa kulia umenyooka mbele yake. Siku moja nzi wengi walitua kwenye wayo wa mguu ule, yeye akiendelea na kazi. Sitara aliposogea aliona msumari umezama kisiginoni, damu imeshakauka, na Bushiri hana habari.

Mito ya magotini ikapata jina Kariakoo. Mahamali walikuja kuiulizia, mikono viunoni.

"Bibi, kweli inaponya mgongo?" mmoja aliuliza.

"Itakulaza," Sitara alimjibu, macho yakishuka miguuni pake. "Hebu tembea kwanza mpaka pale mlangoni, nikuone."

Kijana akacheka, akatembea. Sitara alisikiliza mchanga, kama kuna mguu unaouburura.