Gitaa Kabla ya Mwimbaji

Juzi, dukani Markham, hapa Kanada, walipiga ule wimbo wa zamani wa muziki wa soul, nikanusa tena vitunguu vya mama vikikaangwa katika fleti yetu ya zamani, mtaa wa Dixon.

Alasiri moja ya utoto wangu wimbo huo ulianza redioni. Baba aliacha chai yake ipoe, vidole vikimchezacheza ukingoni mwa meza. Mwimbaji alipoanza tu, baba akazima redio.

"Baba, mbona umezima?"

"Iliyobaki si kazi yangu, mwanangu."

Nikadhani anachukia watu wanaoimba.

Mama alinieleza baada ya mazishi ya baba: gitaa lile la mwanzo wa wimbo alilipiga baba, studioni, enzi za ujana wake. Kwenye santuri hawakuliandika jina lake.

Pale dukani nilisimama na kigari changu, nikasikiliza. Mwimbaji alipoanza, nikatoka bila maziwa niliyoyafuata.