Skochi ya Badibanga

Kila mwaka Mwalimu Kalenga wa Manika hulifikia somo la grafini kwa shingo upande. Hubandika kipande cha skochi, utepe wa gundi, kwenye grafiti ya penseli, hukibandua, hurudia mpaka ibaki alama hafifu kama moshi.

“Mukiendelea, mutabakia na ngozi moja tu ya kaboni,” huwaambia wanafunzi. “Haionekani kwa macho, lakini umeme unapita mule.”

Mwaka huu Jessica aliuliza nani alimfundisha kubandua hivyo.

“Tata Badibanga, Mukasai wa laboratware ya mugodi. Ni vile alikuwa anasafisha grafiti yake ya kupimia madini.”

“Sasa yeye iko wapi?”

Kalenga aliikunja ile skochi polepole.

“Tulibafukuza Bakasai bote mu jimbo yetu, mwaka wa 1993. Mi njo nilimubebea valizi mpaka ku treni, ili asikawie kuenda.”