Marimba ya Sauti ya Tatu

Soko huria lilipotufikia Sumbawanga lilileta mitumba, redio za kila aina na, baadaye kidogo, kompyuta moja katika duka la vifaa vya ofisi pale Mazwi, nilikokuwa nikichapa barua na mitihani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuandikia muziki. Mwenye duka hakujua imefikaje humo. Nota nilikuwa nimejifunza mwenyewe katika kitabu kisicho na jalada. Programu nayo nikajifunza mwenyewe kwa miezi minne, nikiandika kila nilichogundua katika daftari.

Wakati huo parokia ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei ya paroko, na kamati ya kwaya ilitafuta wimbo wa shukrani. Nilitunga mmoja. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, nimeimba sauti ya tatu tangu ujana, na hakuna wimbo wangu uliokuwa umewahi kuimbwa mahali popote. Huu niliutaka uimbwe.

Waimbaji wetu wengi walikuwa wakulima, na ulezi ulikuwa unavunwa. Kwa kuwa mazoezini hawakuja, niliamua kila sauti ipate kaseti yake: kompyuta ipige, redio inase. Mara ya kwanza nilitumia sauti ambayo mashine yenyewe inadai ni ya watu wanaoimba. Mwenyekiti wa kwaya, katekista mstaafu, alisikiliza kidogo tu.

“Zima. Hawa ni watu gani? Wameshakufa?”

“Ni mashine, mzee.”

“Basi ipe mashine vyombo. Watu tutaweka sisi.”

Nikaweka vyombo. Ili anayesikiliza akiwa shambani ajue amefika wapi, nilibadilisha chombo ndani ya wimbo: mashairi kwa filimbi, kiitikio kwa tarumbeta. Si kazi ngumu. Unachagua nota, juu yake unaandika jina la chombo kipya, na kuanzia hapo mstari wote unabadilika. Hautarudi mpaka uandike tena. Kwenye kiitikio cha mwisho cha sauti ya tatu nilijaribu marimba, ambayo hata nota ndefu huigonga mara moja ikafa, kwa udadisi tu, nikasahau kuifuta. Marimba ikaendelea mpaka mwisho wa wimbo.

Kaseti, pamoja na karatasi za maneno, zilienda hadi Mpui. Baada ya wiki tatu tulikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, kamati ikiwa imeketi mbele. Sauti ya tatu walianza mashairi wamechongoa midomo, sauti nyembamba, pumzi nyingi. Kwenye kiitikio mashavu yalivimba, wakapasua. Nilidhani ni bidii. Kilipofika kiitikio cha mwisho, wanaume hao kumi na mmoja walianza kukata kila silabi, fupi na kavu: a-sa-nte-Bwa-na. Nota ya mwisho, ambayo wengine waliishikilia mapigo manne, wao waliigonga mara moja, wakafunga midomo na kutazama mbele.

Nilisimama nikaeleza kwamba hilo ni kosa, na kosa ni langu.

Kiongozi wao, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Usukumani, alikasirika. “Mwalimu, kaseti hii nimechunga nayo ng’ombe wiki tatu. Betri nimeanika juani mpaka zimetoa maji. Leo unaniambia nimejifunza kosa?”

“Nilisahau kurudisha tarumbeta.”

“Unasahau chombo kizima?”

Mama mmoja wa sauti ya pili akadakia, “Na sisi mbona hatukupewa marimba? Au sisi ni wa filimbi tu, kama watoto wa chekechea?”

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti hakucheka.

“Wimbo huu nilikuwa naukataa,” alisema. “Mashairi ni kama ya nyimbo zote. Kiitikio, haya. Pale mwisho ndipo nimeamka. Sasa mtunzi mwenyewe anataka kutuondolea pale?” Akanigeukia. “Ukiondoa, jubilei tutaimba ule wa mwaka jana.”

Nilipima mambo mawili. Wimbo wenye marimba haukuwa nilioutunga. Wimbo nilioutunga haungeimbwa.

“Ibaki,” nikasema.

“Na iwe ya wote,” akaongeza yule mama.

Nilirudi dukani, nikaandika marimba juu ya sauti zote nne kwenye kiitikio cha mwisho. Kisha nikaweka nukta, alama ya kukata sauti, juu ya kila nota yake na kuifupisha ile ya mwisho, ili karatasi iseme kile ambacho watu wangefanya. Ilinichukua siku mbili.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa. Kwenye kiitikio cha mwisho kwaya ilikata kila silabi kwa pamoja, safi kabisa, na kwenye nota ya mwisho wote waligonga wakanyamaza. Mimi niliishikilia. Sikukusudia, ndivyo nilivyokuwa nimeisikia kichwani tangu siku ya kwanza. Niliisikia sauti yangu peke yake ikipanda darini, na kwa kuwa kukatisha katikati kungekuwa kosa la pili, nilimaliza mapigo yote manne. Paroko aligeuka kutazama.

Baada ya misa yule mfugaji alinishika bega.

“Usijali, mwalimu,” alisema kwa upole. “Wimbo ni mgumu. Njoo Jumamosi mapema, nikufundishe.”