Nilivyonyoa Upara Nishinde Mbio za Wake

Mtanicheka, najua, na mna haki, kwa sababu hata mimi nikiikumbuka ile Jumamosi ya michezo shambani, miaka ya hamsini huko Kericho, najifunika uso na leso nikiwa peke yangu jikoni.

Ugonjwa wangu tangu utotoni ni kutaka kujua. Ilitangazwa kwamba kutakuwa na mbio za wake wa wafanyakazi, zawadi blanketi (mnaijua baridi ya kule), basi nikaanza mazoezi kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani ya chai, kutoka laini yetu ya nyumba mpaka banda la mizani, jirani yangu Mama Chebet akinihesabia kwa sauti. Nikafunga kitambaa, kikaniteremkia machoni. Nikasuka nywele kwa uzi zikasimama, zikawa zinanichapa mashavu. Nikazipaka mafuta mengi zilale, jasho likayabeba yote mpaka ndani ya macho, nikaingia kwenye michai nikakwaruzika miguu yote.

"Wewe dada, unakimbia ama unacheza ngoma?" Mama Chebet akaniuliza.

Nikajiuliza, je, nywele zikiondoka kabisa, mtu anaongeza mbio kiasi gani? Shuleni tulinyolewa wote na hakuna msichana aliyenipita! Ijumaa jioni nikachukua wembe wa mume wangu, nikanyoa upara, nikafunga kitambaa juu yake, nikalala na furaha yangu. (Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba sikuwa msichana wa shule tena. Kwetu kule ziwani mke wa mtu hanyoi kichwa chote hivi hivi. Ananyoa akifiwa na mume.)

Na mume wangu, Odhiambo, hakuwa nyumbani. Alikuwa akipakia mizigo stesheni ya Kipkelion, na siku ya mbio alikuwa ameahidi kuja kunitazama. Mama yake, aliyekuwa ametutembelea, alikuwa ameketi mbele kabisa pamoja na akina mama wa kwetu.

Pale kwenye mstari nikavua kitambaa, filimbi ikalia, nikachomoka. Nyuma yangu nikasikia mayowe ambayo sijawahi kupigiwa maishani, nikasema moyoni, kumbe watu wananipenda hivi, nikaongeza mbio. Nikashinda, tena kwa mbali sana, lakini kufika mwisho nikakuta hakuna wa kunipokea, hata karani aliyeshika kamba ya mwisho ameiacha chini, na mama mkwe anagaagaa kwenye nyasi huku wenzake wamemzunguka.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Si ni bwana yako!" mmoja akanijibu akilia. "Pole sana. Na vile umejikaza mpaka umekimbia!"

Sasa aibu yenyewe ndiyo hii. Mnadhani niliwaambia nimejinyoa tu? Wapi! Niliamini. Nilifikiri habari zimeletwa kutoka stesheni nikiwa bado nakimbia, nikaanguka kando ya mama mkwe nikalia kuliko wote, nikimwita Odhiambo kwa jina.

Tukiwa hivyo, Odhiambo akatokea, mkate kwapani, kumbe lori lilikuwa limemchelewesha. Waliomwona kwanza walitimua mbio, na kama wangekuwa kwenye mashindano wangenipita.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

Mama yake akamshika masikio, akamshika pua, akamnusa shingo. Halafu wote wakageuka wakatazama kichwa changu.

"Nani alikunyoa?" mume wangu akauliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama nitakimbia haraka."

Alicheka mpaka mkate ukaanguka. Mama yake hakucheka hata kidogo. Alisema mwanawe halali chini ya paa moja na mke aliyekwisha kumlilia, mpaka nywele zishike kitana, na jioni ile ile akamrudisha Kipkelion. Blanketi nililoshinda alijifunika mama mkwe, nami sikuthubutu kuomba hata pembe.

Ilikuwa miezi mitatu. Kila usiku nilipapasa kichwa changu, na kila usiku nilikumbuka zile dakika chache nilizokuwa mjane, na niwaambie kweli, nilikuwa nalia tena, mume wangu akiwa mzima anakula ugali wake stesheni.

Mwaka uliofuata nilikimbia na nywele zangu zote, nikawa wa mwisho, naye alikuwa amesimama pale ananicheka meno nje. Sinyoi tena. Na kama ni kuchagua, mimi nitangulie, nizikwe na nywele zangu kichwani.