Mama Mkwe Haguswi

Niliiogopa kazi ile tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema hivyo. Nyumba ya wazee ya kanisa ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, nami nilikuwa nimetoka Shianda na binti mmoja mdogo, baba yake ameshazikwa. Nilichokuwa nimezoea ni jembe. Jembe likikuponyoka unaliokota. Mzee akikuponyoka mfupa unavunjika, na wewe unaulizwa.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Kule Lugari mashamba ya wazungu yalikuwa yakigawiwa watu, na kila shamba likigawiwa walitokea wazee waliolilima maisha yao yote na sasa hawakuwa na pa kwenda. Waliletwa kwetu kwa lori, kila mmoja na blanketi lake. Mmoja wao alikuwa mama aliyetoka upande wa Mautuma, mrefu, mzito, aliyepooza upande wa kushoto. Ulimi wake haukupooza hata kidogo. Alinichokoza kila siku kwamba mikono yangu ina baridi, ndiyo maana sijapata mume mwingine.

Metroni wetu alikuwa mama wa kizungu, mpole, mwenye kupenda utaratibu. Alikuwa ameandikisha sheria moja ukutani kwa rangi: mgonjwa hainuliwi na mtu mmoja. Alitupanga wawili wawili kwa kututazama mabega. Kwa mama yule mzito alinipanga mimi na mwanamume wa makamo aliyetushinda wote kwa nguvu, mtu mtaratibu ambaye gunia la mahindi kwake lilikuwa mchezo. Mpango ulikuwa mzuri, ila hakuna aliyeuliza nani ni nani kwa nani.

Asubuhi ya kwanza mwenzangu alimsalimu mama akamwuliza ukoo wake, kama tunavyoulizana sote. Mama akautaja, akamtaja baba yake, akawataja dada zake. Nikamwona mwenzangu anarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mmoja wa wale dada ndiye aliyemzaa mke wake. Kwetu, dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe.

"Mimi huyu siwezi kumgusa," aliniambia huko nje, jasho likimtoka. "Hata mkono hatupeananga. Sasa nimvue nguo?"

Sikumcheka. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mama mkwe hushikani naye mkono, hukai alipokalia, na mwili wake hauuoni. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba anayeuona hutetemeka mpaka kaburini, na wanawe baada yake. Nilimwambia aende kwa metroni aombe kubadilishwa. Akasema metroni ataita jambo hilo ushenzi, na mshenzi hana kazi katika nyumba ya kanisa. Mimi sikuweza kumsemea. Mkwe hakuwa wangu, na aibu ya mtu haitangazwi na jirani.

Basi tukafanya tulivyofanya. Asubuhi yeye alileta maji ya moto mpaka mlangoni, akakiweka kiti cha magurudumu tayari, kisha akatoka na kusimama ukumbini, uso ukutani, taulo mkononi. Mimi nilimwinua mama peke yangu, nikamwogesha, nikamvisha, nikamfunika mpaka shingoni. Hapo ndipo mwenzangu alipoingia, akashika mpini wa kiti kutoka nyuma na kusukuma. Metroni akipita aliona wahudumu wawili na mgonjwa mmoja, akaridhika. Mama mwenyewe alimsalimu mkwe wake bila kugeuza shingo, naye aliitikia akitazama sakafu. Walikuwa na adabu ya ajabu wale wawili, na aliyeilipia adabu hiyo ni mgongo wangu.

Ulianza kuuma chini, karibu na kiuno. Nilificha. Mhudumu asiyeweza kuinua alirudishwa kwao bila maneno mengi, na kwetu kulikuwa na mama mgonjwa na shamba la shemeji. Kila asubuhi nilipoushika mlango wa chumba kile nilisimama kwanza. Niliomba Mungu mama awe amekonda usiku. Hakukonda, uji wetu ulikuwa mzuri.

Jumamosi tulipaka sakafu nta nyekundu, maana Jumapili walikuja wageni wa kanisa na sakafu isiyong'aa ilihesabiwa kuwa uvivu. Jumamosi moja mwenzangu alikuwa ukumbini akisugua kwa brashi, mimi niko jikoni. Nikamsikia akiniita, "Dada, njoo! Anaanguka!" Nilikimbia. Mama alikuwa amejaribu kushuka kitandani mwenyewe, gauni limempanda kifuani, mguu mmoja umefika chini na unateleza. Mwenzangu alikuwa mlangoni, mikono ameinyoosha mbele, macho ameyafumba.

Nilimdaka. Miguu yangu ikateleza kwenye ile nta, tukashuka wote wawili, mimi chini, yeye juu. Nilisikia kitu kikilia ndani ya mgongo, na baada ya hapo sikusikia kitu chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilijifinya paja kwa kucha. Nikajifinya tena. Lilikuwa paja la mtu mwingine. Mama alinilalia kifuani akilia, "Mwanangu, nimekuua," nami nikaamini kwamba ni kweli. Mwenzangu alikuwa amekimbia kuwaita wanawake wa jikoni.

Hospitalini walinilaza juu ya ubao. Usiku niliogopa kulala, nikidhani nikilala miguu itanisahau kabisa. Vidole vilipoanza kuwasha nililia kwa furaha, kisha daktari akaniambia nitatembea, lakini kuinua mtu nisahau. Hofu ikarudi kwa mlango mwingine. Asiyeweza kuinua wala kulima anamlisha nini mtoto?

Katibu wa kamati ya nyumba alikuja na Biblia na ndizi. Aliniombea vizuri, halafu akasema kamati inasikitika, ila sheria ilikuwa ukutani na mimi niliivunja. Aliyevunja sheria hana fidia. Alipoondoka, muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani aliniambia nisikubali. Iko ofisi ya leba mjini, ya mambo ya wafanyakazi, na mtu akiumia kazini iko sheria kubwa kuliko ile ya ukutani. Akanisaidia kupeleka malalamiko.

Mwenzangu naye alikuja, na kuku wa kuchemsha, ile ingokho ya heshima. Nilijua amekuja kuomba nini.

"Dada, usinitaje," akasema. "Nikisimama mbele ya watu niseme habari ya uchi wa mama mkwe, nitaenda wapi? Mke wangu ataenda kwao. Na kazi itaisha."

"Na mimi nikikosa kula, ukoo wa mke wako utanilisha?"

Alinisogezea bakuli. Nilimchukia siku ile, nawaambia ukweli. Nilimchukia hata nilipokuwa namla kuku wake.

Siku ya kusikilizwa muuguzi alinisukuma kwa kiti hadi ofisi ya leba. Afisa alikuwa kijana wa kwetu, aliyeingia juzi tu katika kiti cha mzungu. Kiti kilimzidi kidogo. Katibu alieleza habari ya sheria ya ukutani. Metroni akathibitisha, tena kwa huruma, kwamba alinipa mwenzi mwenye nguvu kuliko wote. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinizika. Afisa akanigeukia akaniuliza kwa nini niliinua peke yangu. Nikasema nilikuwa nimeitwa. Nikasema mgonjwa alikuwa anaanguka. Zaidi ya hapo sikuthubutu, kwa sababu ningemtaja mwenzangu naye akanikana, ningekuwa mvunja sheria na mwongo pia.

Afisa akamwuliza mwenzangu alikuwa wapi.

"Mlangoni."

"Ulimwona mgonjwa akianguka?"

"Nilimwona."

"Mbona hukumshika?"

Mwenzangu alitazama sakafu. Kisha akasema, "Bwana afisa, wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako akianguka hapo mbele yako sasa, hana nguo, utafanya nini?"

Kijana aliweka kalamu chini. Metroni alitutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu amfafanulie. Hakuna aliyemfafanulia.

"Nitaita mtu," afisa akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mimi niliita," mwenzangu akasema. "Niliita huyu."

Fidia nilipata. Ilimsomesha binti yangu, na sijasahau nani aliinunua. Mwenzangu alipeleka kondoo kwa wakwe zake kusafisha maneno aliyoyasema, na nyumba ya wazee haikumhitaji tena baada ya mwezi ule. Metroni aliongeza sheria nyingine ukutani, kwamba mhudumu aseme mapema kama mgonjwa ni mkwe wake. Sikuwahi kurudi kuisoma, niliambiwa tu.

Mgongo haukurudi ulivyokuwa, na uzee umemaliza miguu iliyobaki. Naishi kwa binti yangu. Yeye ndiye anayeniinua asubuhi, ananipeleka chooni, ananiosha na kunikalisha. Akienda matanga mbali, nyumbani tunabaki mimi na mume wake, mtu mzuri mwenye mabega mapana, anayesimama nje ya mlango wangu na kuniuliza kwa adabu kama nahitaji kitu. Namjibu kwamba sihitaji. Siku hizo sinywi maji.