Amri Inayoishia Mtoni

Mwanaume uliyeachana naye akikuletea samaki wakavu bila kuombwa, angalia mkono wake wa pili umeshika nini. Baba mtoto wangu aliniletea furushi zima, akaondoka na binti yetu, ambaye hata shule hajaanza, kwenda kumsalimia bibi yake ng'ambo ya Ruvuma. Likizo tu, alisema. Likizo ikaota mizizi, miaka ikapita.

Nikaenda mahakamani Newala. Karani akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mama, unayemshtaki yuko Msumbiji, mtoto yuko Msumbiji. Hata hakimu akikupa haki, amri yake inaishia mtoni." Nikavuka. Kule nako mahakamani wakaniambia ndoa ilifungwa Newala, nianzie huko huko. Nikikataa, nitafute wakili na vyeti vyote vigeuzwe Kireno. Ala! Nchi mbili, mtoto mmoja, na kila mlango unaniambia si huu! Niliamini kabisa kwamba amewahonga wote. Nilimshuku hata yule karani kwa upole wake.

Kilichomrudisha binti yangu ni sheria yetu sisi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti hachezwi unyago bila mjomba wake. Kaka yangu akapeleka ujumbe: "Mimi sivuki. Mleteni kwetu Chilangala." Wakamleta. Usoni nilicheka, moyoni nikisema, baba mtu akishakanyaga huku, mahakama ya huku itamwona. Siku ya sherehe ya kuwatoa wasichana unyagoni, samansi ikamkuta baba mtu na tonge mkononi.

"Umenitega," akasema.

"Nimejifunza kwa samaki wako."

Hakimu alisema kabla ya yote lazima ajue kama kesi ni yake, na hilo linategemea makazi ya mtoto. Akamwuliza mwenyewe, taratibu, "Nyumbani kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Nyumbani ni ng'ambo," binti yangu akajibu. "Huku ni kwa mama."

"Kafundishwa huyo!" nilipayuka, mpaka hakimu akanionya. Baba mtu alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikajiambia huo ndio uso wa mwizi. Hakimu akasema atatoa uamuzi kesho, na mtoto alale kwangu.

Siku zote za unyago alikuwa kwa mjomba wake, kwa hiyo ndiyo kwanza aingie nyumbani kwangu tangu achukuliwe. Nilimkagua kama mnunuzi anavyokagua korosho, nikingoja ulimi uteleze amtaje aliyemfundisha.

Mtungi uko pale pale karibu na mlango, na kata juu yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akichota mwenyewe na kumwaga maji sakafuni, nami nikimfokea. Sasa alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mgeni.

"Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa."

Hilo hakufundishwa na mtu. Nikaitikia marahaba, nikamchotea.