Nguo ya Kumzikia Baba

Juzi nilimsindikiza jirani mochari, nikawakuta watoto wa marehemu mmoja wakibishania nguo ya kumzikia baba yao.

"Baba alikuwa baharia, avae yunifomu!" akasema kifungua mimba.

Mdogo wake akainua glavu za ndondi. "Na hizi alizopigania mpaka Kampala?"

Binti alikuwa amekumbatia ovaroli. "Si lori ndilo lililotusomesha?"

"Jamani, mwili ni mmoja," mhudumu akalalamika.

Mama yao akacheka, akatoa kwenye kiondo chake pajama yenye kiraka. "Hizo zote alivaa akituacha. Hii alivaa akirudi."

Kifungua mimba akaikunja yunifomu.

Nyumbani Woodley nilimkuta mume wangu kochini na pajama, saa saba mchana. Huyu hajawahi kwenda popote. Siku yake ikifika nitamvalisha buti, angalau aonekane ana safari.